Kampuni kutoka sokoni: wenye aksio kidogo waangalie nini?

Hapa Kalemie, ukisema «kampuni ya publiki», wengi wanafikiri mara moja SNCC, ile ya reli na bandari yetu. Lakini ile ni kampuni ya Leta. Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 ilifungua njia ya kuigeuza kuwa kampuni ya biashara, na aksio zake zikabaki kwa Leta.

Katika nchi yenye soko la hisa, kama Kenya, kampuni ya umma ni kitu kingine. Aksio zake zinauzwa sokoni Nairobi, na hata mwalimu ao mama muuza samaki anaweza kununua kidogo. Mara nyingine mwenye aksio nyingi anasema: nitanunua zote zilizobaki, kampuni itoke sokoni, iwe yangu peke yangu.

Juu ya nini afanye hivyo? Kukaa sokoni kunakula pesa: kuna malipo ya kila mwaka, wakaguzi wa hesabu, na ripoti za kutangaza mbele ya watu wote. Kwa kampuni ndogo ni mzigo, zaidi kama aksio zake haziuzwi sana. Akitoka, anaamua mambo yake bila kelele. Lakini naye anapoteza kitu: hawezi tena kutafuta pesa kwa watu wengi sokoni, na pengine atakopa benki ili awalipe wenzake.

Mfano mzuri ni Rea Vipingo, kampuni ya mashamba ya katani, yenye shamba kubwa Vipingo, kwenye pwani ya Kenya. Mwisho wa mwaka 2013, REA Trading, iliyokuwa na zaidi ya nusu ya aksio, ilitaka kununua zilizobaki kwa shilingi 40 za Kenya kila moja. Kisha kampuni ingine, Centum, ikaja na bei ya juu. Wakashindana mpaka bei ikafika shilingi 85. Mwisho wakapatana: REA Trading ikachukua kampuni, Centum ikapata sehemu kubwa ya ardhi. Mwaka 2015 Rea Vipingo ikatoka sokoni.

Hesabu ni rahisi. Mwenye aksio 100 angepata shilingi 4.000 kwa bei ya kwanza. Kwa bei ya mwisho, 8.500. Katani ilikuwa ile ile. Watu waliangalia ardhi, ambayo thamani yake ilikuwa imepita ile bei ya kwanza.

Kukataa nako kuna hatari. Kampuni ikiisha kutoka sokoni, aksio yako utamuuzia nani? Tena Kenya, mnunuzi akipata asilimia 90 ya aksio alizoomba, sheria inamruhusu kuchukua hata za wale waliokataa, kwa bei ile ile.

Kwetu hakuna soko kama la Nairobi, lakini jambo lenyewe tunalo. Ndugu watatu wamenunua boti moja ya ziwani, ao mashini ya kusaga mihogo, kisha mmoja anataka kuwalipa wengine watoke. Mbele ya kutia sahihi, uliza: Nani amepanga bei hii? Amehesabu kiwanja, ao mashini tu? Kuna mtu mwingine wa kununua? Nikikataa, nitabaki na haki gani?

Kama ni kampuni ya aksio iliyoandikishwa, sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inasaidia. Wenye aksio, mmoja ao wengi pamoja, wakifikisha sehemu moja ya kumi ya mtaji, wanaweza kuomba tribinali iteue mjuzi achunguze kazi fulani ya wakubwa wa kampuni. Kwa hiyo wadogo wasiende kila mmoja peke yake. Waunganishe aksio zao, watafute avokati ao mtu wa hesabu, na waende pale mapema. Sahihi ikiisha kutiwa, kurudi nyuma ni kazi ngumu.