Si Kila Mgonjwa Huongezewa Damu Akifika Chumba cha Dharura: Hii Hapa Rada

Beste yako ameanguka na nduthi, mmemkimbiza hosi, na daktari amemwekea tu maji ya dripu. Mbogi inaanza kelele: "Mbona hawamwongezi damu?" Kabla uwashe moto hapo, jua vile hii kitu huenda.

Nani huongezewa?

Wa kwanza ni msee anavuja damu mob: presha imeshuka, moyo unakimbia, ngozi baridi, ameanza kuongea vitu hazieleweki. Huyo hangojeshwi majibu ya himoglobini, juu mtu akivuja ghafla hiyo namba hukawia kushuka.

Wa pili ametulia lakini damu iko chini. Hapa madaktari wengi huangalia gramu 7 za himoglobini kwa desilita. Ukiwa juu ya hapo na huna dalili mbaya, kawaida huongezewi. Mwenye ugonjwa wa moyo wanaweza kumuanzia 8. Kama uko na 10 na unataka pinti moja "ya nguvu," pole, damu si soda.

Kwa nini wasiweke tu?

Damu ya mtu mwingine inaweza kukuletea homa, mwili kuwasha, ama mapafu kujaa maji. Ukipewa grupu haipatani na yako, mwili unaivunja na unaweza kufa. Mara mob kosa huwa ni jina: sampuli ama pinti ya mgonjwa mwingine. Ndio maana nesi anauliza jina lako kila saa. Jibu tu, usikasirike.

Na kama hakuna time ya kupima?

Hapo ndio O hasi huingia. Mwanaume anaweza kupewa O chanya, lakini wasichana na wamama wenye bado watazaa hutunziwa O hasi, juu Rh chanya inaweza kusumbua mimba za mbele.

Dakika 15 za kwanza mgonjwa huangaliwa sana, na pinti inafaa kuisha ndani ya saa 4. Ukiona anatetemeka, mgongo unauma ama pumzi inakata, ita nesi hapo hapo.

Damu hutoka wapi?

Hakuna kiwanda. Hapa Kenya unaweza kutoa ukiwa na miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, na afya poa. Machali hungoja miezi 3 kabla warudie, mamanzi miezi 4. Kila pinti hupimwa ukimwi, kaswende, na hepatitisi B na C.

Noma ni kuhifadhi. Seli nyekundu hukaa kwa friji siku 42 ikizidi sana, so damu ya Krismasi haifiki Pasaka. Na wachangiaji wengi ni wanafunzi, kumaanisha shule zikifungwa Desemba, friji hukauka wakati ajali zimejaa barabarani.

So kelele ya "wekeni damu" haisaidii kama hakuna mtu ametoa. Ukiwa fiti, pitia kituo cha damu kabla likizo ianze.