Risturuni ya kiwanda: inaandikwa wapi katika hesabu ya duka?

Katika miji ya Goma, Bukavu ao Beni, wenye depo na maduka wanajua neno risturuni. Ni pesa ambayo kiwanda ao muuzaji wa jumla anamrudishia mwenye duka kisha huyu kufikisha kiasi fulani cha manunuzi. Kuna na mambo mengine: katoni moja ya bure juu ya kila kumi, ukuta kupakwa rangi za kampuni, frigo ya kuazima. Shida inaanza wakati wa kuandika. Je, risturuni ni mauzo?

Hapana. Haitoki kwa mteja, inatoka kwa yule aliyeuzia duka. Basi inapunguza bei ya kununua. Congo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na mpango wa hesabu wa OHADA unaiweka katika konti 6019, upande wa manunuzi.

Tuchukue duka lililonunua katoni 1000 za sabuni, dola 10 kila moja, na kupata risturuni ya 3%, ni kusema dola 300. Mwisho wa mwaka limeuza katoni 800 kwa dola 11. Zingine 200 ziko stoki. Wengi wanachukua faida ya 800, wanaongeza 300 yote, inakuwa 1100. Kumbe dola 60 ni za katoni ambazo hazijauzwa, na zinapunguza bei ya stoki. Faida ya kweli ni 1040. Akigawa 1100 na ndugu zake, anagawa pesa iliyo bado kwenye rafu.

Kosa baya zaidi ni kuandika risturuni mbele ya kuifikia. Hata wakubwa wameanguka hapo. Septemba 2014, Tesco, kampuni ya maduka iliyo kubwa kuliko zote Uingereza, ilitangaza kwamba faida iliyotazamiwa ya miezi sita ilizidishwa karibu milioni 250 za pauni, sababu moja ikiwa pesa za wauzaji wa jumla kuandikwa mapema. Mwaka 2017 ilikubali faini ya milioni 129 za pauni.

Katoni ya bure nayo inashusha bei: katoni 11 kwa dola 100, kila moja ni dola 9,09. Kama kampuni inalipia ukuta kwa kutangaza, hayo ni malipo ya kazi, yanaandikwa pembeni ya mauzo. Frigo ya kuazima haihesabiwe mali ya duka.

Na ahadi ya ajenti kwa mdomo haiandikwe. Inatakiwa karatasi yenye sahihi, inayoonyesha kiasi, kipindi na masharti.