Upasuaji wa sauti kwa wanawake transjenda: utafiti na namna ya kuutafuta

Upasuaji wa kuifanya sauti iwe ya kike ni kundi la operesheni za zoloto zinazopandisha kidatu, yaani zinazoifanya sauti nene iwe nyembamba. Wanaofanyiwa zaidi ni wanawake transjenda waliopitia balehe ya kiume kabla ya kuanza tiba ya homoni. Testosteroni ya balehe hurefusha nyuzi za sauti, huzinenepesha na kuyakuza magegedu ya zoloto, na mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Estrojeni hubadilisha ngozi, matiti na mpangilio wa mafuta mwilini, lakini sauti huiacha ilivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi kama mwanamke kwa miaka mingi, akapokea simu, na aliye upande wa pili akamwita “kaka” kabla hajataja jina.

Kidatu hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kwa makadirio, wanaume wengi huzungumza kati ya hezi 100 na 130, na wanawake kati ya 180 na 220. Katikati, karibu na hezi 150 hadi 170, msikilizaji anayesikia sauti tupu huwa hana hakika.

Operesheni ya kwanza kupata umaarufu ilitoka Japani. Mwaka 1974 Nobuhiko Isshiki wa Kyoto alieleza aina nne za kulirekebisha gegedu la tiroidi, lile linalotokeza shingoni kama kikoromeo. Aina ya nne hulivuta gegedu hilo kwa mishono hadi likaribiane na la krikoidi lililo chini yake, na nyuzi za sauti hukazika kama nyuzi za udi. Sauti hupanda papo hapo. Tatizo ni kwamba kwa wagonjwa wengi mkazo hulegea kadiri miezi inavyopita, na sehemu ya kile kilichopatikana hupotea.

Njia inayoongoza katika maandiko ya sasa ni glotoplasti ya Jürgen Wendler, daktari wa Berlin. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, naye daktari hupitia mdomoni huku akitazama kwa hadubini. Huondoa utando laini kwenye sehemu ya mbele ya nyuzi zote mbili, takriban theluthi moja ya urefu wake, kisha huzishona pamoja ili zipone zikiwa zimeungana. Kipande kinachobaki huru ni kifupi, nacho hutetema haraka zaidi. Baada ya hapo mgonjwa hunyamaza, kwa kawaida wiki moja au zaidi, akiandika kwenye simu kila anachotaka kusema, kwa kuwa kikohozi kikali au ukelele unaweza kuharibu mshono. Zipo njia nyingine pia. Lisa Orloff na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kutumia leza, James Thomas wa Portland alieleza mbinu ya kupunguza ukubwa wa zoloto lenyewe, na Hyung-Tae Kim wa Seoul alichapisha mwaka 2017, katika jarida la The Laryngoscope, uzoefu wa miaka 12 wa mbinu yake ya kufupisha nyuzi.

Anayetafuta tafiti hizi huanzia PubMed, hifadhidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Hapo ndipo wengi hukwama, maana huandika jina moja la operesheni, wakapata makala chache, wakadhani ndizo zote. Operesheni ileile huitwa glotoplasti na mwandishi mmoja, na upasuaji wa kupandisha kidatu na mwingine. Majina ya wagonjwa nayo yamebadilika. Makala za miaka ya 1990 na 2000 huwaita transseksuali, kwa kufuata uainishaji wa zamani wa Shirika la Afya Duniani ulioliweka suala la kuwa transjenda miongoni mwa magonjwa ya akili. Toleo la 11 la uainishaji huo, lililoanza kutumika Januari 2022, limelihamishia kwenye sura ya afya ya kujamiiana. Msomaji wa leo anaweza kuchukizwa na neno la zamani, na ana haki, lakini asipoliandika kwenye kisanduku cha kutafutia atapoteza zaidi ya muongo mzima wa utafiti. Andiko la Wendler lenyewe ni la mkutano wa Salzburg wa mwaka 1990, si la jarida, hivyo njia nyepesi ya kulifikia ni kupitia makala zinazolinukuu, kama ile ya Marc Remacle na wenzake wa Ubelgiji ya mwaka 2011.

Kupata makala ni nusu ya kazi. Majedwali mengi huonyesha hezi kabla na baada ya upasuaji, na tarakimu hizo zinaweza kupotosha. Kutoka 120 hadi 180 ni hezi 60, sawa na kutoka 200 hadi 260. Sikioni, hatua ya kwanza ni kama nusutoni saba za ngazi ya muziki, na ya pili haifiki tano. Inafaa pia kuangalia kama sauti ilipimwa kwa kutamka “aaa” au kwa kusoma kifungu kizima, wagonjwa walifuatiliwa kwa muda gani, na wangapi hawakurudi kliniki. La muhimu kuliko yote ni kama walipata pia mazoezi ya sauti kwa mtaalamu, kwa sababu bila kulitenganisha hilo, sifa za mazoezi hupewa kisu. Mapitio ya kimfumo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanakubaliana kwamba operesheni hizi hupandisha kidatu, na vilevile kwamba ushahidi umejengwa juu ya makundi madogo yasiyo na kundi la ulinganisho.

Gharama ya operesheni hizi kwa sauti haionekani kwenye safu ya hezi. Noti za chini hupotea, nguvu ya kupaza sauti hupungua, na wengine hubaki na ukwaruzo. Kwa mwalimu au mwimbaji hilo ni jambo zito. Aidha mwangwi wa koo na mdomo, ambao nao humwambia msikilizaji anayezungumza ni nani, haubadilishwi na kushona nyuzi. Kwa hiyo makala bora huongeza hojaji ya mwanamke transjenda kuhusu sauti yake, yenye vipengele 30, iliyoendelezwa na Georgia Dacakis wa Australia pamoja na wenzake. Humwuliza mwenye sauti mwenyewe anavyoishi nayo.

Makala zilizofungwa kwa malipo hupatikana wakati mwingine kwenye PubMed Central, ambako matini kamili ni bure. Kwa vyuo na hospitali za nchi kama Tanzania na Uganda upo mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza mwaka 2002 na unaofungua maelfu ya majarida. Asiye na chuo anaweza kumwandikia mwandishi, kwani anwani yake ya barua pepe huchapishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala.