Mbayuwayu Buluu wa Bonde la Lambwe

Mbayuwayu buluu ndiye anayewavuta watazamaji wa ndege hadi Mbuga ya Taifa ya Ruma, kaunti ya Homa Bay, na ndiye anayewarudisha wengi wao mikono mitupu. Huzaliana kwenye nyanda za nyasi za milimani, kutoka kusini mwa Tanzania hadi Afrika Kusini. Msimu wa kuzaliana ukiisha, huhamia kaskazini kwenye bonde la Ziwa Victoria, na Ruma huonekana takriban kati ya Aprili na Septemba. Mgeni anayengoja likizo ya Desemba amemkosa hata kabla ya kufunga safari.

Nyasi anazozifuata zilinusurika kwa sababu isiyohusiana na ndege hata kidogo. Bonde la Lambwe, lililo kati ya mteremko mkali wa Kanyamwa na milima ya Gwassi, lilijaa mbung'o, na malale yakawazuia watu na ng'ombe wasiingie kwa wingi. Mwaka 1966 sehemu yake ilitengwa kuwa pori la akiba, hasa kwa ajili ya korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki hapo tu. Ugonjwa ulipozuka upya mwanzoni mwa miaka ya 1980, dawa ya kuua mbung'o ilinyunyizwa kwa ndege za angani. Mwaka 1983 pori hilo, lenye kilomita za mraba zipatazo 120, likawa mbuga ya taifa. Mbayuwayu alifaidika na ulinzi uliokusudiwa mwingine.

Nje ya uzio wa mbuga, nyasi hizo hazina ulinzi huo. Upande wa kaunti ya Migori, kuanzia Ogwedhi kwenye mpaka na Narok hadi kwenye miwa ya Awendo, ardhi ni ya wakulima na wafugaji, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kulima shamba lake.

Hata msimu ukiwa sawa, kumtambua mbayuwayu buluu ni kazi. Wakati huo mbayuwayu hao hubadilisha manyoya, na ile mikia mirefu iliyochorwa vitabuni mara nyingi huwa mifupi au haipo. Kwa mbali, mwanga ukiwa nyuma yake, rangi ya buluu huonekana nyeusi, na ni rahisi kumchanganya na mbayuwayu weusi wanaoishi Kenya mwaka mzima. Mtazamaji makini humwacha bila jina daftarini.