Buti la gari linapokataa kufunguka

MATOPE ya njia za mashamba ya chai, kama zile za viungani mwa Kapkatet, hupenya hadi kwenye komeo la buti na kulitia kutu. Kuulazimisha ufunguo huishia kuuvunja. Heri kunyunyizia kitasa mafuta mepesi, kungoja kidogo, kisha kujaribu tena huku mtu mwingine akiukandamiza mlango. Mizigo iliyoshindiliwa ndani mara nyingi ndiyo hulikaza komeo. Kwa kufuli za umeme, fyuzi hukaguliwa kwanza. Ikishindikana, viti vya nyuma hulazwa na komeo kusukumwa kwa bisibisi kutoka ndani.

Abiria wanaorundikwa kwenye buti za teksi aina ya Probox, kinyume cha sheria, kwa kawaida hawana kishikio cha kujifungulia. Ajali ikitokea na komeo likikwama, njia iliyosalia ni kuvunja kioo.