Kukwaruza santuri
Kukwaruza santuri, au kuskrachi, ni ufundi wa DJ wa kusukuma na kuvuta santuri kwa mkono chini ya sindano hadi sauti igeuke mdundo. Chimbuko lake ni Bronx, New York, miaka ya 1970, na mwanzilishi anayetajwa zaidi ni Grand Wizzard Theodore. Mkono wa pili hushika kitelezi cha mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, ukikata na kufungua sauti.

Mwanafunzi aanze na mwendo wa mbele na nyuma tu, polepole, bila kugusa kitelezi. Mwenye pupa hupoteza mdundo. Kwa asiye na santuri, kompyuta na kidhibiti chenye sahani mbili za kuzungusha vinatosha kuanzia.