Meli Zilipokula Misitu

Sisi wa Buger, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, hatuna bahari. Maji makubwa tunayoyaona ni ya Ziwa Manyara, nayo mwaka wa ukame hubaki magadi. Lakini mbaazi zetu huenda India kwa meli, na kwa muda niliofundisha historia nimejifunza kutazama kwanza meli inakula nini. Chombo kikibadilisha chakula, gharama huhamia nchi kavu.

Zamani kililishwa na upepo. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Oman na Ghuba, yakapakia boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, kisha yakarudi na kusi. Wanaoyasifu leo kwa kutokuwa na moshi husahau kwamba shehena yenyewe ilikuwa msitu.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikawa zinafika Zanzibar kutoka Aden. Nahodha hakuhitaji tena kungoja kusi, ila alitegemea makaa ya mawe yaliyorundikwa Aden kutoka Uingereza.

Bara, makaa hayo yalikuwa ghali mno kuyafikisha. Kaangalie meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaileta Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Iliingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915, na Julai 1916 wakaizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Tanuri zake zilikula kuni. Meli za mvuke za Ziwa Victoria nazo zilikula kuni, na reli ya Kenya ilizila kwa wingi hata ikapandiwa mikaratusi na miwati. Ukihesabu kwa kanuni za siku hizi, kuni ni nishati jadidifu, kwa hiyo Liemba ya 1927 ingeonekana safi kuliko yenyewe ilipofungwa injini za dizeli miaka ya 1970! Mama zetu, wanaojua umbali wa kufuata kuni tangu msitu wa Marang uingizwe Hifadhi ya Ziwa Manyara, wangecheka.

Mafuta ya petroli sitayakalia sana. Meli ya Selandia ya Denmark ilianza safari za bahari kuu kwa injini za dizeli mwaka 1912, na wengine wakafuata.

Sasa meli zinatafuta chakula kingine. Shirika la Kimataifa la Bahari, lenye makao London, lilikubali mwaka 2023 kwamba uchafuzi wa gesi joto kutoka meli ufikie sifuri halisi kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo. Mwaka huohuo meli ya makontena Laura Mærsk ilianza kusafiri kwa methanoli. Methanoli na amonia zinazotengenezwa kwa umeme wa jua na upepo sina ugomvi nazo, ila bado ni ghali. Ninachokihofia ni zile nishati zinazoota shambani.

Tulishaonja. Kisarawe, kampuni ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kwa ajili ya mbono kaburi, na mwaka 2011 mradi ukaanguka huku wanakijiji wakiwa wameshaachia ardhi. Huku kaskazini tulihubiriwa tupande mbono uwe uzio, tuuze mbegu. Uzio wangu bado umesimama. Ng'ombe hawaugusi, na mnunuzi hakurudi, maana kwa bei ile hata kibarua wa kuchuma halipiki.

Oktoba 2025 nchi wanachama wa shirika lile la London ziliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kuzitoza meli kwa kaboni zinayotoa. Nadhani tozo itakuja, na ni haki ije. Lakini mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, tulipata habari kupitia bei ya debe kabla ya redio. Tozo hiyo nayo mnunuzi wa Karatu mjini atakuwa ameshaikata kwenye debe kabla hajatuambia kwamba ipo.